Kwa Nini Ned Hallam Aliacha Kucheza

Mwezi uliopita tulimzika Mama Salma. Baada ya maziko tulikula pilau kwenye ukumbi wa kukodi Upper Marlboro, huku Marekani, na mtani wake mmoja, kama watani wanavyoruhusiwa msibani, akasimama kuwachekesha wafiwa. Alichagua kile kisa cha Waafrika waliovaa nguo za heshima wakaenda Bowie kumpa mzee wa Kizungu habari ya kifo kilichotokea kabla hajazaliwa. Watu walicheka hadi wakajifuta machozi. Alikisimulia vizuri, sitamnyima haki yake, lakini alisema tulikuwa sita na tulikuwa watatu, alisema mzee alitufukuza na hakutufukuza, na alisema wazo lilikuwa la marehemu. Wazo lilikuwa langu. Nilikuwa meza ya nyuma na sahani yangu, nimenuna peke yangu, kwa sababu mtu mzima hawezi kusimama msibani kusahihisha utani. Nimerudi nyumbani nikaona heri niandike.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa natulia. Nilihama vyumba vinne, vyote Hyattsville, na sanduku langu sikulifungua hata mara moja. Nilikuwa nachomoa shati na kulifunga tena. Nilikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti huku goti likicheza. Kampuni ya kutunza wazee ilinituma Bowie kwa Mzee Cyril Hallam, Mwaustralia aliyekuwa amefanya kazi ya ramani serikalini hadi akastaafu, kwa sababu alikuwa mrefu na mzito na dada wawili waliotangulia walishindwa kumnyanyua. Bowie bila gari ni adhabu. Basi lilikuwa linaniacha barabara kuu, kisha natembea dakika arobaini kwenye majani kando ya lami, maana njia ya miguu hakuna, na magari yalipunguza mwendo kuniangalia kana kwamba nimepotea. Siku ya kwanza mzee aliniuliza mabega haya nimeyapata wapi. Nikamwambia shuleni Bungoma, nilicheza raga miaka minne, mtu wa mbele. Akanyanyua simu, akaiambia kampuni kwamba huyu asibadilishwe.

Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Aliona pembeni tu, kwa hiyo ukiongea naye alikuwa akitazama sikio lako. Sebule ilikuwa na zulia la kahawia, meza ndefu ya kuchorea ramani, na harufu ya mkate uliobabuka kwa sababu alikataa kabisa mkate usiobabuka. Juu yake alipaka kitu cheusi cha kwao chenye chumvi kali, na alinipa kila asubuhi, na kila asubuhi nilikula kwa adabu huku nikimlaani kimoyomoyo. Saa sita ilikuwa dagaa wa kopo. Kwenye meza ya ramani kulikuwa na kasha la kadibodi lililotoka Sydney, ameachiwa na binamu yake aliyefariki, na ndani yake kulikuwa na baba yake.

Nasema baba yake, lakini yalikuwa makaratasi. Vipande vya magazeti, programu za mechi, picha za wanaume wenye sharubu waliofunga mikono kifuani. Kule Sydney, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, wachezaji kadhaa waliiasi raga ya watu kumi na watano wakaanzisha ligi yao ya watu kumi na watatu, na kwa uasi huo wakafungiwa maisha kurudi walikotoka. Ned Hallam alikuwa miongoni mwa walioasi mapema. Alikuwa mtu wa mbele kama mimi, na kazi ya mtu wa mbele ni kuingiza kichwa kwenye skramu, pale timu mbili zinapofungamana mabega, kusukuma, kuzuia, na kuinuka kabla hujajiuliza kama umeumia. Mzee alitaka safari yote ya baba yake uwanjani iandikwe kwa mpangilio, mechi baada ya mechi. Mimi nasoma, yeye anauliza, mimi naandika kwa herufi kubwa kwenye daftari la manjano ambalo hata hivyo hakuweza kulisoma.

Nilifurahia kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Ned Hallam alikuwa mtu wa shoka. Siku moja alicheza kipindi kizima na kidole kimetoka mahali pake. Siku nyingine alibeba watu watatu mgongoni hadi kwenye mstari na kufunga trai. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Lakini nikaanza kuona jambo la ajabu: kila Ned alipofanya vizuri, mwanawe alizama. "Wanasema nini kuhusu miguu yake?" aliuliza. "Alikuwa ameanza kuchoka?" Nikamjibu kwamba hapana, gazeti linasema alikuwa wa mwisho kuchoka. "Andika," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa majibu mabaya hospitalini. Msimu uliofuata, hivyo hivyo. Goti lake je? Zima. Walimwacha benchi? Hata mara moja. Nikadhani uzee umemgeuza, maana nani anakasirika kwa kusifiwa baba yake?

Aliniambia mwenyewe kiangazi, tukiwa na dagaa wetu. Baba yake aliacha kucheza ghafla, akiwa na miaka ishirini na tisa, katikati ya msimu ule ule ambao yeye Cyril alizaliwa. Hakuwahi kusema kwa nini. Akafanya kazi ya kupakua meli hadi akafa, mtu wa maneno kumi kwa siku. Cyril alipokuwa na miaka saba alimuuliza mama yake, na mama yake, akiwa anamenya viazi, akasema, "Baba yako aliacha mpira ulipokuja wewe." Basi. Labda mama hakuwa na maana yoyote. Lakini mtoto alichukua lile neno akaenda nalo. Baba yake hakuwahi kumbeba, hakuwahi kumshika kichwa, na wakikaa meza moja alikuwa akiisogeza mikono yake chini ya meza. "Nilimgharimu kitu pekee alichokipenda," mzee aliniambia akitazama sikio langu. "Natafuta mahali ambapo alikuwa ameanza kuisha. Kama alikuwa anaisha, basi angeacha tu, hata bila mimi." Alikuwa na miaka themanini na tisa na bado alikuwa anatafuta.

Tangu siku hiyo sikusoma tena kwa sauti ya redio. Nilijikuta nikimwombea Ned avunjike mguu, Mungu anisamehe. Na nilianza kutafuta njia ya kuondoka, kwa sababu sijawahi kuwa hodari wa kukaa na huzuni ya mtu. Jamaa mmoja alinitafutia nafasi kwenye karakana ya mabati Manassas, zamu nzuri, hakuna mkate mweusi, hakuna mtu wa kunyanyua. Walinipa siku ya kuanza, Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa bado sijamwambia mzee.

Ile karatasi niliipata chini kabisa ya kasha, ndani ya bahasha iliyobandikwa kwenye kadibodi yenyewe, kana kwamba binamu aliiona, hakuweza kuitupa, na hakutaka ionekane. Ilikuwa habari ya uchunguzi wa mahakama. Katika mechi ya mwezi Julai, Ned Hallam alimkaba kijana wa upande wa pili, Percy Lunn, akamnyanyua juu kwa kiuno na kumwangusha. Kijana alitua kwa shingo. Alifariki hospitalini siku ya tatu, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mahakama iliona ni ajali. Hallam aliulizwa kama ana neno, akasema hatacheza tena, na akaomba jambo hilo liandikwe. Nilisoma nimesimama, na mabega yangu yalijua kabla ya kichwa, kwa sababu mimi pia nimewahi kumnyanyua mtu hivyo, na mtu wangu aliinuka.

"Hiyo ni nini?" mzee akauliza. Alikuwa amesikia bahasha.

Ilikuwa saa nne asubuhi na hakuwa amekula chochote, maana mkate ulikuwa bado kwenye mashine. Ndugu msomaji, hapa ndipo mtani wa Mama Salma alipopakosea kabisa. Si kwamba nilikuwa mjinga wa tarehe. Nilijua Percy Lunn amekufa miaka mingi kabla ya babu yangu kuoa. Lakini kwetu habari ya kifo haimkuti mtu na njaa, wala haimkuti peke yake. Huitoi kama mtu anayetupa jiwe. Mtu analishwa kwanza, jamaa wanaitwa, anakaa kitako, ndipo mkubwa mmoja anasema. Nimelelewa hivyo na mwili wangu ulifanya hivyo wenyewe. "Ni tangazo la sabuni," nikasema.

"Refu sana kwa sabuni," mzee akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa kutoka meza hadi jikoni. Nilimletea mkate wake nikiwa na nia ya kusema, akala, na bado alikuwa peke yake. Mimi mmoja si watu. Binti yake, Judith, alikuwa akija Jumapili tu, na Jumapili mimi sikuwa kazini. Wiki ikapita, ya pili ikaja. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza kama kasha limekwisha na kila asubuhi nilimwambia bado kidogo, na goti langu lilikuwa linatikisa meza hadi akaniuliza kama nina homa. Nikaanza kuota Manassas hata mchana, ile kelele ya mabati, hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Nadhani nilitaka kwenda bila kusema. Ningeiacha karatasi mahali nilipoikuta na mtunzaji atakayekuja ajue mwenyewe.

Mama Salma ndiye aliyenibana. Alikuwa Mtanga, mpishi katika nyumba ya afisa mmoja wa ubalozi, na Jumamosi jikoni kwake kulikuwa mahali petu, sisi tusio na mama hapa. Siku hiyo alikuwepo pia Kabongo, dereva wa teksi kutoka Lubumbashi, shemasi kanisani kwake, mtu wa suti hata Jumamosi. Niliwaeleza habari yote huku nikikatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyeniomba nivikate.

"Mi naona haina nécessaire, haina lazima," Kabongo akasema. "Ule mutu alikufa zamani sana. Hata baba yake alikufa. Tutaenda kulia mutu ya zamani?"

"Zamani kwa nani?" Mama Salma akamuuliza bila kugeuka. "Msiba ni siku unapoambiwa. Huyo baba wa watu kwake hajafa mtu bado."

"Lakini ule muzee ana cœur ya kuchoka, moyo yake haina nguvu. Akianguka?"

"Amebeba kosa si lake tangu ana miaka saba na hajaanguka. Wewe Wafula, mwanangu, hebu acha hivyo vitunguu. Unangoja nini?"

Nikamwambia nangoja watu. Nikasikia jinsi lilivyotoka, kama neno la mtoto. Mama Salma akazima moto, akafuta mikono kwenye kanga yake, akasema, "Si ndio sisi. Kesho binti yake anakuja? Basi kesho."

Nilimpigia Judith nikamwomba asichelewe, kuna jambo la familia la kuongea na mzee, jambo la heshima, si la kwenye simu. Leo nina umri wa kujua ile simu ilimfanyia nini. Mmarekani ukimwambia kuna jambo la familia si la kwenye simu, anasikia king'ora cha ambulansi. Tulipofika Bowie saa nane mchana, Kabongo na suti yake nyeusi, Mama Salma na buibui na deli la chakula, mimi na tai ya kuazima, Judith alikuwa mlangoni tayari, uso umemshuka, koti bado mwilini.

"Anakufa?" akaniuliza. "Daktari amekuambia nini ambacho hajaniambia mimi?"

"Hapana, mama. Tafadhali tuingie. Akishakula tutasema."

"Akishakula? Niambie sasa hivi."

"Dada, shika moyo," Mama Salma akamwambia kwa Kiingereza chake cha jikoni. "Karibu ndani." Alimkaribisha mtu nyumbani kwa baba yake, na Judith, sijui kwa nini, akatii.

Judith hakuketi. Hakuwahi kuketi nyumba ile, mzee aliniambia baadaye. Alikuwa akija Jumapili, anasimama karibu na mlango nusu saa, anauliza kuhusu dawa, anaondoka. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, akitupa macho huku na huku kutuona kwa pembeni. Alihesabu viatu. "Wafula," akasema, "nani amekufa?" Mama Salma alimwekea wali wa nazi na kuku wa kupaka mapajani, akamshikisha kijiko, akasema kula baba. Akala. Alikula vijiko vingi kuliko nilivyowahi kumwona akila, polepole, na sote tulikaa tukimtazama mtu anayekula akijua kwamba baada ya kijiko cha mwisho kuna kitu. Sijawahi kuona chakula kirefu namna ile. Judith alikuwa analia bila sauti na hakujua analia kwa ajili ya nini.

Alipomaliza, Kabongo akasimama, akafunga kifungo cha koti. Yeye aliyekuwa amepinga ndiye tuliyemchagua, kwa kuwa ni shemasi na alikuwa mkubwa wetu kwa miaka. Alisema kwa Kiingereza chake kilichopitia Kifaransa kwamba sisi ni wageni, lakini kijana wetu anakula katika nyumba hii, kwa hiyo tumekuja na neno. Akasema kuna kijana anaitwa Percy Lunn. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alicheza dhidi ya Ned Hallam. Ned Hallam alimnyanyua kwa nguvu za mchezo, bila ubaya, akamwangusha, na yule kijana akafa siku ya tatu. Ned Hallam aliiambia mahakama kwamba hatacheza tena. "Ni hilo," Kabongo akasema, akakaa.

Judith alifungua mdomo na Mama Salma akamwekea mkono begani.

"Ishirini na mmoja," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Wafula. Karatasi hiyo ina tarehe?"

"Ina tarehe. Ni Julai." Nilikuwa nimehesabu mara nyingi, na bado nikahesabu tena kwa vidole. "Wewe umezaliwa Septemba. Ulikuwa bado tumboni, imebaki miezi miwili uzaliwe."

Akageuza kichwa ili anione, akaniona kwa kona ya jicho. "Kwa hiyo si mimi," akasema. Kisha akasema tena kwa sauti ya chini, si kwetu. Mama Salma akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia pole baba. Kabongo akafuata, pole muzee, kisha mimi. Alipokea pole zetu moja moja, kama mfiwa yeyote, na ilipofika yangu alikuwa analia waziwazi, na sijui alikuwa anamlilia nani, kijana wa watu, au baba yake, au yeye mwenyewe wa miaka saba. Nilitamani kutoka mbio hadi barabara kuu. Sikutoka. Jumatatu ya Manassas ilikuwa kesho yake na niliiacha ipite, na nilibaki hadi mzee alipofariki mwaka uliofuata, majani yakianza kuchipua. Nilipokwenda kwenye mabati hatimaye, nilikwenda nimetulia.

Lakini siku ile haikuishia kwenye pole. Mzee alikuwa ameanza kuongea, haraka, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alisema sasa anaelewa. Baba yake aliiogopa mikono yake. Ndiyo sababu aliificha chini ya meza, ndiyo sababu hakumbeba, si kwamba alimchukia, alikuwa anaogopa kumnyanyua mtu akamwangusha. Alirudia kama mara tatu, kila mara kwa furaha zaidi. "Alikuwa anaogopa kuniumiza," akasema. "Maisha yangu yote, alikuwa anaogopa tu kuniumiza."

Ndipo Judith aliposema, kutoka mlangoni, koti lake likiwa limefungwa hadi shingoni.

"Na wewe? Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Mzee akageukia sauti.

"Hujawahi kumvunja mtu hata kidole, Baba. Ulichora ramani. Mimi pia hukunibeba."

Sikuwa na mahali pa kuweka macho. Kabongo alikuwa akiyatazama magoti yake. Nilimwona mzee akitafuta kwenye lile giza la katikati ambamo binti yake alikuwa amesimama. Alisema, "Nilidhani ndivyo baba anavyokuwa. Sikujua kwamba ilikuwa na sababu." Kisha akaweka kijiko kwenye sahani, akaisogeza sahani pembeni, akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Nina miaka hamsini na minane," Judith akasema.

"Najua," mzee akamjibu. "Njoo hivyo hivyo."